Jinsi ya Kuipeleka Ngoma ya Kijijini Jukwaani Bila Kuiua

Umeshaiona. Mgeni rasmi amechelewa saa mbili, kipaza sauti kinapiga mluzi, halafu mshereheshaji anatangaza "burudani ya ngoma za asili". Wanaingia vijana kumi na wawili wamevaa sketi za katani, nyuso zimepakwa chokaa, wanaruka dakika nne, wanapigiwa makofi, wanatoka. Ngoma ile huchezwa lini, na nani, kwa sababu gani, hakuna aliyeambiwa. Mimi mkazi wa Iringa hubaki na swali langu: ni nani kule Makete aliwahi kuvaa sketi ya katani mwezi wa Juni, na baridi ile?

Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya kikundi cha watu wanane hadi kumi na watano, wasio na ukumbi wala mfadhili, walioko Iringa, Njombe, Mbeya au Tukuyu, na wanaotaka kutengeneza igizo la leo kwa kutumia ngoma, masimulizi na kazi za wazee wao. Fuata hatua kwa mpangilio huu. Sisi tuliwahi kuanza na maandishi tukamalizia na ngoma, tukapata mchezo wa redio wenye watu wanaorukaruka katikati.

Hatua ya 1: Tafuta kitu kidogo

Kichwa kama "Utamaduni wa Wahehe" au "Mila za Wanyakyusa" kinafaa mtihani wa kidato cha pili. Igizo linataka kitu ambacho mtu anaweza kukishika: mbeta ya kukingia ulanzi, ile pombe ya mwanzi, kikapu cha milulu, chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa Ziwa Nyasa, kilichovushwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe kwenda kuuzwa Matema. Kitu kina mwenyewe, mwenyewe ana jirani, na jirani ana neno la kusema. Hapo igizo limeanza.

Iringa shida ni kwamba kila kikundi kinataka kuanza na Mkwawa, mtwa, yaani chifu, wa Wahehe. Siwalaumu, nami nilianzia huko. Lakini pima mzigo wenyewe. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake lilikishambulia kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Mtwa akaendelea kupigana porini karibu miaka minne, mpaka alipojiua kwa risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaweka kabisa kifungu kinachotaka fuvu likabidhiwe kwa Waingereza, na bado likachelewa hadi 1954, gavana Edward Twining alipolirudisha. Sasa limo katika makumbusho ya Kalenga. Tangu Lugalo hadi kurudi kwa fuvu ni miaka 63. Ukiijaza yote katika saa moja, utapata wanaume wanaopiga kelele na mikuki ya mbao, na msimulizi anayesoma tarehe.

Ukitaka Mkwawa, kata kipande. Msichana aliyekuwa na miaka minane Kalenga ilipoanguka, mwaka 1954 ni bibi wa miaka 68. Mweke njiani siku fuvu linarudi. Amekuja kuona nini? Anamkumbuka nani? Mjukuu wake aliyesoma anamweleza habari za mkataba, yeye anauliza kama waliomleta wamempa maji. Huyo bibi mmoja atabeba vita vyote bila hata bunduki moja kulia.

Fuvu lenyewe usilitengeneze kwa plasta, hata ukiwa na fundi hodari. Mara ya kwanza tulilitengeneza, watoto wa mstari wa mbele wakacheka, onyesho likafa palepale. Mara ya pili tulichukua kikapu cha milulu chenye mfuniko, ndani tukaweka jiwe la kama kilo tatu, likafungwa kwa kitambaa lisigonge. Aliyekibeba hakuhitaji kuigiza uzito. Viganja vilikuwa vimejipinda, mabega yameshuka, hatua zimekuwa fupi. Hakuna aliyekifunua, na hakuna aliyecheka.

Angalizo moja kabla sijasogea: msichanganye vita. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliwahusu sana Wangoni, na Wabena wa pande za Njombe nao waliingia. Wahehe wengi hawakuingia. Niliona kikundi kimewavika Wahehe maji ya Kinjeketile, na babu mmoja akasimama kurekebisha historia kwa dakika ishirini. Alikuwa na haki yake.

Hatua ya 2: Nenda kwa wazee, na uende kwa msimu

Anza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, hata kama bibi unayemtafuta ni shangazi yako. Wakikuona unazunguka na simu unarekodi watu bila taarifa, mnaweza kulala kituoni. Kisha nenda baada ya mavuno, Juni hadi Agosti. Kuanzia Novemba mvua ikishika watu wako shambani, na mzee atakayekaa kukusimulia saa tatu wakati mahindi yanataka palizi hayupo.

Siku ya kwanza simu ikae mfukoni. Salimia kwa lugha ya pale: "Kamwene" utaipeleka mbali Iringa na Njombe, na Rungwe ukishukuru kwa "Ndaga fijo" utaona sura zikilainika, hata kama baada ya hapo mtaendelea kwa Kiswahili. Shikamoo isisahaulike kwa kisingizio cha Kihehe. Beba sukari, sabuni na chumvi. Pesa taslimu siku ya kwanza huharibu: kesho yake utakuta wazee kumi, wote wanajua kila kitu.

Usiulize "Utamaduni wenu ni upi?" Utajibiwa ulichojibiwa shuleni. Uliza hivi: Mara ya mwisho uliicheza lini? Nani alikuwapo? Nani alikatazwa kusogea? Ulikuwa umevaa nini, na nguo hiyo ilitoka wapi? Wewe ulikuwa umesimama upande gani? Halafu swali ninaloliona kuwa mama wa yote: ni wakati gani ngoma hii haichezwi?

Swali hilo nilijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa nyuma nilisikia mdundo mmoja Rungwe, mzito, unakwenda kama mtu anayepanda mlima. Nikaupenda, nikauweka kwenye sherehe ya harusi ndani ya igizo letu. Tulipoucheza kwenye kijiji cha jirani, akina mama wa mbele wakaacha kutafuna mahindi. Mzee mmoja akamgeukia mwenzake akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani amekufa?" Kwa Wanyakyusa ngoma ilichezwa pia msibani, wanaume na mikuki yao, na huko ndiko mdundo wangu wa harusi ulikotoka. Niliomba radhi usiku ule, nikakaribishwa chai, lakini harusi ile hatukuirudia.

Gawa daftari lako sehemu tatu. Ya kwanza: kinachoweza kuonyeshwa. Ya pili: kinachoweza kusimuliwa tu. Ya tatu: kinachoachwa. Mwambie mzee wazi kwamba unazo sehemu hizo, na yeye ndiye anayekuambia uandike wapi. Mafunzo ya wasichana wakikua, matambiko ya mvua, mambo ya mapacha, mengi yataangukia sehemu ya pili na ya tatu. Usihuzunike. Chukua Lubaga, kwenye msitu wa matambiko wa Lwembe, kiongozi wa matambiko ya mvua, huko Rungwe: usiingize msitu jukwaani. Onyesha watu waliobaki nje wanasubiri, wanatazama mawingu, wanagombana kimya kimya kuhusu nani ameleta ukame. Nimeona waigizaji wawili wakikaa chini kwa dakika tano wakisubiri hivyo, na watazamaji wakaanza kuangalia juu.

Hatua ya 3: Mwili kabla ya maneno

Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Wiki tatu si nyingi.

Nitatoa mfano wa ulanzi kwa kuwa ndio tulioufanyia kazi zaidi. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa la mwanzi, anaifunga mbeta chini yake, utomvu unadondoka. Anarudi asubuhi na jioni kuparua kipande chembamba ili kidonda kisizibe. Ukinywewa mapema bado ni mtamu, watu huuita mtogwa. Ukikaa unachachuka na unakata miguu. Msimu wake ni mvua, kwa hiyo ukitaka waigizaji waone ugemaji wenyewe, waende kati ya Januari na Aprili, tena wajiandae kwa tope.

Kijana wetu aliyeigiza mgema alikuwa na kisu kizuri na mkono mbaya. Mzee aliyekuwa akitufundisha alimtazama mara mbili tatu, akasema, "Wewe unamenya muhogo." Akamshika kiganja kwa nyuma. Kisu hakisukumwi, alisema, kinateleza kwa uzito wake, na jicho haliangalii kisu, linaangalia tone. Kijana akarudia labda mara mia. Siku ya onyesho hapakuwa na mwanzi wala kisu jukwaani, palikuwa na kiganja kile na jicho lile, na mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Huyo mtoto wa nani, anagema huyo!"

Ngoma nayo ifundishwe kwa vipande. Miguu peke yake kwanza, bila muziki, mpaka mjue uzito unaanguka kwenye kisigino au kidole gumba. Kisha makofi. Kisha wimbo. Ngoma ya kupigwa ije mwisho, kwa sababu mdundo huficha makosa. Na mwacheni mwalimu wa kijijini afundishe kwa namna yake. Hatahesabu "moja, mbili, tatu, nne". Atasema "fuata mimi" na atakasirika ukiuliza sana. Vumilia.

Kama kuna mzee anayejua ligombo, kile chombo cha nyuzi cha Wahehe, msimwache aondoke bila kijana mmoja kuketi naye. Sauti yake ni ndogo, haitashindana na ngoma, na uzuri wake uko hapo: inafaa mahali mtu anapoongea peke yake jukwaani.

Hatua ya 4: Lugha

Nyimbo zibaki kwa lugha yake. Msizitafsiri. Kihehe na Kinyakyusa vina mwendo wake mdomoni, na ukiubadilisha ili Kiswahili kitoshe, wimbo unachechemea. Hadhira ya Mwanjelwa, pale Mbeya mjini, ina Msafwa, Mndali, Mnyiha, Mkinga na aliyehamia jana kutoka Mwanza. Wote wataelewa kama wimbo utarudi mara tatu katika hali tatu tofauti. Mara ya kwanza uimbwe kazini, mara ya pili mtu akiuvuma peke yake baada ya habari mbaya, mara ya tatu wote. Kufikia hapo hakuna anayehitaji mkalimani. Kiitikio kiwe kifupi, maneno matatu manne, watu wakidake.

Mazungumzo yaende kwa Kiswahili kama kinavyosemwa nyumbani kwenu, kikipokea neno la kikwetu pale linapokuja lenyewe. Ila lafudhi ya Kinyakyusa isifanywe kichekesho. Vichekesho vya televisheni vimeifinyanga vya kutosha, na mtazamaji wa Tukuyu akiisikia anajua mara moja kwamba mmekuja kumcheka.

Pia, tafadhali, acheni kubandika "Paukwa! Pakawa!" kwenye kila hadithi. Ni mlango mzuri, lakini ni wa nyumba nyingine. Muulize bibi yako yeye alifunguliwaje hadithi jioni alipokuwa mdogo, na hadhira ilimjibu nini msimulizi. Jibu hilo, hata liwe mguno tu, litawafungulia watu wa huko vizuri zaidi.

Hatua ya 5: Tafuta ugomvi wa leo

Bila ugomvi wa leo mna maonyesho ya makumbusho. Kwetu ugomvi ulikuja wenyewe: mjukuu amerudi kutoka mjini, anataka kung'oa milanzi ya babu apande parachichi. Ana hoja. Parachichi lina mnunuzi, ulanzi una walevi. Babu naye ana hoja, ila hajui kuisema kwa hesabu, anajua kuisema kwa kugema. Bibi ana hoja ya tatu ambayo hawakumuuliza: fedha za ulanzi ndizo zilizowasomesha.

Ngoma iingie hapo kwa sababu. Babu anaita majirani wamsaidie kulima, kwa desturi ya kazi ya pamoja inayolipwa kwa pombe. Wanakuja watatu. Zamani wangekuja thelathini. Wanacheza ngoma ya watu thelathini wakiwa watatu, wakiacha nafasi za waliokosekana. Hiyo ndiyo picha iliyowabana watu koo, na ilitoka kwenye upungufu wetu: siku ile ya mazoezi waigizaji wengi hawakuja.

Mwisho msiufunge. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Malya mkoani Mwanza, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando na Amandina Lihamba wakiwamo, walifanya kazi na wanakijiji kwa njia hii: shida ichunguzwe na wenye shida, iwekwe kwenye ngoma na maigizo wanayoyajua wao, kisha watu wajadili. Bado sijaona njia iliyo bora. Sisi tunasimama mjukuu anapoinua panga, halafu tunawauliza watazamaji: akate asikate? Tengeni nusu saa kwa swali hilo, na muwe na mtu mmoja mpole wa kuzuia wanywaji wasimalize muda wote.

Hatua ya 6: Baridi, mvua, uwanja

Mambo ya haraka haraka, lakini yameua maonyesho mengi.

Ngozi ya ngoma hulegea kwenye unyevu na baridi, sauti inakuwa kama ya debe lililojaa maji. Washa moto mdogo nyuma ya uwanja nusu saa kabla, zielekeze ngozi kwenye joto, zigeuze, gonga ukisikiliza. Usizisogeze karibu mno, ngozi itapasuka, na fundi wa kuwamba nyingine hapatikani saa hiyo. Mteue mtu mmoja wa moto, asiwe na kazi nyingine.

Rungwe hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo maonyesho ya uwanjani yapangwe kati ya Juni na Oktoba, na hata hivyo mjue mtakimbilia wapi. Anzeni saa nane mchana. Saa kumi na moja jua likishuka akina mama wanakwenda kupika, na baridi inawafukuza waliobaki.

Watazamaji wakae duara, kama ngomani. Mkipewa ukumbi wenye jukwaa la juu, shukeni sakafuni.

Maleba: mgolole, kaniki, kitenge, na sweta. Bibi wa Njombe huvaa sweta na buti za mvua, mvalisheni hivyo hivyo. Watu watamjua kabla hajafungua mdomo. Vyungu vya Wakisi nunueni viwili viwili, kimoja kitavunjika kwenye gari.

Hatua ya 7: Karatasi na fedha

Kikundi kisajiliwe BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Afisa utamaduni wa halmashauri yenu ndiye wa kuanza naye, na ni vizuri akawajua kabla hamjamhitaji. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo "ni ya mababu, haina mwenyewe" si jibu mnapoanza kuuza tiketi au kurekodi. Muulizeni afisa huyo kibali gani kinahusika na onyesho lenu.

Zaidi ya sheria kuna makubaliano yenu na kijiji. Yaandikwe ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, yasomwe kwa sauti mbele ya mwenyekiti: ngoma gani imeazimwa, itachezwa wapi, nani anaruhusiwa kupiga video na kuirusha mtandaoni, mapato yatagawanywaje. Sisi tunafanya mafungu manne: waigizaji, nauli na vifaa, walimu wa kijijini, akiba. Video ikubaliwe peke yake. Bibi anaweza kufurahi kuonwa na watu mia mbili uwanjani na asitake kabisa kuonwa na simu za dunia nzima. Kwa habari za Mkwawa au mtwa mwingine yeyote, ukoo wake upo. Mwone mkubwa wao kabla ya bango kuchapwa.

Hatua ya 8: Onyesho la kwanza ni kijijini

Kabla ya mjini, kabla ya tamasha, rudini mlikojifunzia. Wazee waketi mbele. Waambieni mapema kwamba wanaruhusiwa kusimamisha. Watasimamisha. Mmoja atasema hatua ya tatu imekosewa, mwingine atasema haikukosewa, ile ni ya ng'ambo ya mto. Andikeni yote. Wakati mwingine mama mmoja ataingia tu katikati ya duara acheze. Msimtoe, na msipige picha. Mpiga ngoma amfuate yeye, waigizaji wasogee pembeni, igizo litaendelea akimaliza.

Baadaye, kabla gari halijawashwa, hesabuni vya kuazima: migolole, mbeta, jembe la mpini mrefu, kigoda. Nguo zifuliwe na zikunjwe. Nasi tulisahau kigoda mara moja, kikakaa stoo mjini miezi mitano, na tulipokirudisha bibi alikuwa ameshanunua cha plastiki. Alikipokea, akakitazama chini na juu, akakiweka jikoni, akaendelea kukalia kile cha plastiki.